Mswada Ukikubaliwa kwa Mara ya Kwanza, Usisaini Bado

Ushauri mwingi tunaopewa waandishi wapya unahusu kukataliwa: vumilia, tuma tena, usikate tamaa. Ni ushauri mzuri na mimi mwenyewe umenifaa. Lakini baada ya kuihangaikia riwaya yangu ya kwanza mpaka ikatoka, naona hatari kubwa zaidi iko siku unapokubaliwa. Mwenye njaa hana miiko, na mtu aliyekaa miaka na mswada uliokamilika, akingoja mmoja tu aseme unafaa, ana njaa kali.

Njaa hiyo hukomaa wakati wa kungoja. Barua nyingi za kukataa hazielezi sababu, na nyingine haziji kabisa. Kimya ndicho kilichoniumiza zaidi, kwa sababu kila mara nilikijaza kwa maneno yangu mwenyewe: hujui kuandika, umejisumbua bure. Kilichonituliza ni kuelewa mswada unapita wapi ukishafika. Kwanza huupitia msomaji wa kampuni, na mara nyingi huishia kwenye kurasa za mwanzo. Akiridhika humpa mhariri. Mhariri naye akiupenda bado ana kazi ya kuwashawishi wenzake wa mauzo na wa fedha. Unaweza kukwama popote hapo kwa sababu isiyohusu ubora wake. Pengine wametoka kuchapisha riwaya inayofanana na yako, au ratiba yao imeshajaa. Au, na hili unaweza kuliepuka mwenyewe, ni kampuni ya vitabu vya kiada isiyogusa riwaya. Kabla ya kutuma popote, tafuta vitabu walivyotoa karibuni, uvisome. Ukikosa hata kimoja ambacho ungependa chako kikae kando yake, pita.

Hata wasomaji wa kampuni kubwa hukosea. Riwaya ya kwanza ya William Golding, Lord of the Flies, ilikataliwa na wachapishaji kadhaa kabla ya kufika Faber and Faber jijini London, na hapo pia msomaji wa kampuni aliandika kwamba haina maana. Mhariri mgeni kazini, Charles Monteith, akauchukua mswada huo uliochakaa kwa kupita mikono mingi, akaendelea kuusoma. Ilitoka mwaka 1954, na mwaka 1983 Golding akapewa Tuzo ya Nobel. Watu hupenda kuishia hapo, kwenye ushindi. Mimi huvutiwa zaidi na kilichotokea katikati: Monteith alimtaka aondoe mwanzo wote uliohusu vita vya nyuklia, na Golding akauondoa. Aliyemkubali ndiye aliyemfanyisha kazi zaidi.

Kuhusu kutuma kwenyewe sina mengi. Fuata maelekezo yao neno kwa neno. Wakitaka sura tatu, usipeleke nne. Muhtasari uwe na hadithi nzima pamoja na mwisho wake, maana mhariri anataka kujua kama umeweza kuifunga. Na baki na nakala. Chinua Achebe aliwahi kutumia kampuni moja ya London mswada wa riwaya yake ya kwanza, ulioandikwa kwa mkono na usio na nakala nyingine, ili upigwe taipu. Kampuni ile ikakaa kimya mpaka mkuu wa Achebe kazini, Angela Beattie, alipokuwa London akaenda kuwauliza ana kwa ana. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1958. Kwa hiyo kumbushia pia. Barua fupi ya heshima baada ya muda waliojiwekea kupita si usumbufu.

Sasa nirudi kwenye kukubaliwa. Kampuni ya kwanza kunikubali ilijibu haraka kuliko zote. Barua yao ilisifu kipaji changu bila kutaja hata jina la mhusika mmoja wa riwaya. Aya ya mwisho ilinitaka nichangie gharama za uchapishaji. Nilifurahi, tena sana, na furaha hiyo ndiyo iliyonitia hofu, kwa sababu nilijiona tayari naanza kutafuta pesa hizo. Niliwauliza nani atauhariri mswada, vitabu vitasambazwa na nani, na vile walivyokwisha kutoa vinapatikana wapi. Jibu halikugusa hata swali moja. Walinipunguzia bei na kunipa siku ya mwisho ya kulipa. Nikawaandikia kwamba sitaendelea. Jioni ile ilikuwa nzito kuliko siku zote nilizokataliwa, kwa sababu safari hii mlango niliufunga mwenyewe.

Tazama faida inatoka wapi. Mchapishaji wa kweli hulipia uhariri, usanifu, jalada, uchapaji na usambazaji, kisha hurudisha pesa zake kwa kuwauzia wasomaji. Anayemtoza mwandishi ameshapata chake kabla nakala moja haijauzwa, hivyo hana sababu ya kuhangaika kuiuza. Kujichapishia ni jambo tofauti, na ni njia ya heshima. Unamlipa mhariri, msanifu na mchapaji, kila mmoja kwa kazi yake, na haki zote zinabaki kwako. Ukiichagua njia hiyo, hakikisha hata ISBN, ile namba ya tarakimu 13 inayokitambulisha kitabu, imechukuliwa kwa jina lako. Ninachokukataza ni mchanganyiko: kulipa kama uliyejichapishia, huku umegawa haki kama uliyechapishiwa.

Mhariri aliyenikubali baadaye alinitumia kurasa kadhaa za maswali. Mhusika huyu anajuaje siri ile? Kwa nini sura ya tano ipo? Hakukuwa na sifa nyingi, lakini aliisoma riwaya yangu kuliko mtu yeyote kabla yake, na niliiandika upya karibu nusu nzima.

Mkataba wake ulikuwa wa heshima, na bado ulihitaji kusomwa kwa utulivu. Angalia mrabaha, yaani malipo ya mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, ni asilimia ya nini. Asilimia 10 ya bei ya jalada si sawa na asilimia 10 ya pesa zinazomfikia mchapishaji. Muuzaji akibaki na nusu ya bei, ile ya pili inakuwa asilimia 5 tu ya bei ya jalada. Angalia haki unazotoa ni za lugha zipi, nchi zipi, na kama tafsiri, kitabu cha kusikiliza na filamu vimo. Mchapishaji anayesema kwa kinywa kwamba hana mpango na filamu hana sababu ya kuiacha kwenye karatasi. Hakimiliki yenyewe usiihamishe. Mpe ruhusa ya kuchapisha tu. Na usimlipe mtu eti "akupatie" hakimiliki. Kwa nchi zilizo chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambazo ni nyingi mno, kazi inalindwa tangu ilipoandikwa, bila sharti la usajili.

Kifungu nilichokipigania ni cha kurudishiwa haki. Rasimu ilisema haki zitarudi kwangu kitabu "kitakapoacha kupatikana". Lakini kitabu cha kielektroniki hakiachi kupatikana. Kinaweza kukaa mtandaoni bila kununuliwa na haki zako zikabaki kifungoni. Niliomba paandikwe idadi: mauzo ya mwaka yakishuka chini yake, naweza kudai haki zangu kwa barua. Niliogopa wataghairi. Walijibu kwa kupendekeza idadi ndogo kidogo, tukakubaliana.

Ukiambiwa mkataba haubadiliki hata neno, omba wiki mbili umpe mwanasheria au mwandishi mwenye uzoefu ausome. Ukinyimwa hata hizo wiki mbili, endelea kuutuma mswada kwingine.