CTR ya Google na ya Bing: msizilinganishe kama nilivyofanya mimi

Wadogo zangu mnaoingia kwenye hii kazi ya matangazo ya kulipia kwenye injini za kutafutia, ngoja niwape kitu ambacho mimi nilikilipia kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nahudumia kampuni moja ya utalii hapa Arusha, wateja wao wako Uingereza, Ujerumani na Marekani, tunatangaza Google Ads, baadae nikafungua na Microsoft Advertising, ile ambayo wengi bado tunaiita Bing tu. Mwisho wa mwezi nikafungua ripoti nikakuta CTR, yaani asilimia ya mara tangazo lilipoonekana likabonyezwa, ya Bing imepita ya Google zaidi ya mara mbili, nikapiga skrinshoti nikamtumia bosi, "mzee tuhamishie hela huku". Mzee akahamisha nusu ya bajeti. Wiki tatu zikapita hela ya Bing haijatumika hata robo, na maombi ya wateja kwenye imeili yanapungua. Aliponiita ofisini kuniuliza imekuwaje nikabaki nakuna kichwa.

Hesabu ya CTR mnaijua, kliki gawanya kwa idadi ya mara tangazo lilipoonekana, zidisha mia. Nilichokosea ni kuangalia jumla. Chukueni mfano huu wa kutunga. Google: watu waliotafuta jina la kampuni yenu, tangazo limeonekana mara 200, kliki 60, hiyo ni 30%. Watu waliotafuta maneno ya jumla kama kupanda Kilimanjaro, limeonekana mara 9,800, kliki 294, hiyo ni 3%. Bing sasa: jina la kampuni mara 300, kliki 84, ni 28%. Maneno ya jumla mara 1,200, kliki 30, ni 2.5%. Yaani Bing kapigwa kote kote. Haya jumlisheni, Google kliki 354 kwa 10,000 inakuja 3.54%, Bing 114 kwa 1,500 inakuja 7.6%. Aliyepigwa kote kote ndo anaonekana bingwa! Wanatakwimu wanaiita kitendawili cha Simpson, na ndo kilichonipata, kwa sababu anayetafuta jina lenu tayari anawajua, huyo atabonyeza tu hata tangazo likiwa limeandikwa vibaya.

Kwa hiyo kabla hujasema chochote tenganisha. Jina la kampuni kampeni yake, maneno ya jumla kampeni yake, halafu nchi kwa nchi, halafu simu peke yake na kompyuta peke yake. Hii ya vifaa msiipuuze, Bing ndo inayokuja kwenye Windows na Edge bila mtu kuchagua, iPhone inakuja na Google, sasa ukichukua Google ambayo imejaa watu wa simu ukailinganisha na Bing iliyojaa watu wamekaa kwenye kompyuta ya ofisini, hapo unalinganisha vifaa sio majukwaa.

Halafu kuna mtego wa mipangilio. Ukifungua kampeni ya utafutaji Google inakuwekea tiki kwenye washirika wa utafutaji (tovuti nyingine zinazotumia utafutaji wa Google) na kwenye mtandao wa mabango, usipotoa tangazo lako linazunguka kwenye tovuti za watu wasiotafuta kitu chochote, linaonekana mara elfu kumi kliki mbili, CTR inazama. Microsoft nao wana mtandao wao wa hadhira unaofanya hivyo hivyo, na utafutaji wao wenyewe unafika mpaka Yahoo, DuckDuckGo na Ecosia. Na wana kile kitufe cha kuleta kampeni kutoka Google moja kwa moja, kitamu kweli, dakika kumi umemaliza, lakini kinaleta na uchafu wote uliokuwa nao kule, kwa hiyo ukishaleta pitia kila mpangilio kwa mkono. Kwenye ripoti za pande zote mbili unaweza kugawa kwa mtandao, gawa, baki na utafutaji mtupu. Wanaowatangazia Warusi wanaokuja Zanzibar kupitia Yandex, injini ya kutafutia ya Warusi, watakutana na kitu hicho hicho, utafutaji na mtandao wa tovuti washirika msiziweke kapu moja.

Nafasi nayo. Tangazo la kwanza juu kabisa na lililo chini ya ukurasa haliwezi kuwa na CTR moja hata maandishi yawe yale yale. Kuna video za zamani zinawafundisha muangalie wastani wa nafasi, Google waliuondoa mwaka 2019, siku hizi angalieni asilimia ya kuonekana juu na asilimia ya kuwa wa kwanza kabisa, majukwaa yote mawili yanazo. Kama Bing uko wa kwanza muda mwingi kwa sababu washindani ni wachache na Google uko wa nne, basi umepima dau lako (hela uliyokubali kulipa kwa kliki) na ushindani, hujapima watu wanavyobonyeza.

Na idadi jamani. Tangazo limeonekana mara 200 kliki 10 mtu anaandika 5% kwa kujiamini, kumbe kwa idadi hiyo ukweli unaweza kuwa popote kati ya kama 2 na 8. Bing kwa soko letu ni dogo, mimi nasubiri hata miezi miwili ndo niongee.

Kichekesho kimoja kabla sijasahau, neno safari. Neno letu wenyewe, lakini duniani huko ni jina la kivinjari cha Apple pia, ukiliacha wazi unalipia watu ambao simu zao haziwafungulii tovuti. Wekeni iphone, mac na mengine ya hivyo kwenye orodha ya maneno ya kuzuia, pande zote mbili, maana ukisafisha Google ukaacha Bing basi ulinganisho wako umeharibika tena.

Sisemi CTR haina kazi. Google tangu 2002 wanaitumia kupanga matangazo pamoja na dau, ndo maana tangazo linalobonyezwa sana linaweza kukaa juu kwa hela ndogo. Ila alama ya ubora ya 1 mpaka 10 kila jukwaa linakupa kwa kukulinganisha na watangazaji wake, 7 ya huku sio 7 ya kule. Na kliki sio mteja, mimi nimeshaandika tangazo la "bei nafuu kuliko wote", CTR ikapaa, wakaja watu wanaulizia Serengeti siku tano kwa dola mia mbili, mzee akaniangalia tu.

Siku hizi nalinganisha gharama ya kupata ombi moja la maana, CTR naitumia kuchagua maandishi ndani ya jukwaa moja. Na kwa biashara ya utalii mtu anabonyeza leo analipa baada ya miezi, kwa hiyo ule muda wa kuhesabu mteja baada ya kliki ambao unakuja siku 30, usogezeni mpaka 90, Google na Microsoft zote ziwe sawa, ndo mfungue Excel.