Kiungulia cha Miaka: Maswali Yenu Kuhusu Kipimo cha Umio

Daktari, nina kiungulia mwaka wa kumi sasa. Nimepiga eksirei ya kifua, iko safi. Si inatosha?

Haitoshi, ndugu yangu. Eksirei haionyeshi utando wa ndani wa umio, yaani mrija unaopeleka chakula tumboni, na tunachokitafuta kiko hapo. Unahitaji endoskopi: mpira mwembamba wenye kamera, unaopitishwa mdomoni hadi tumboni. Utando mzima huwa na rangi ya waridi iliyopauka, unang'aa. Ukiunguzwa na tindikali miaka na miaka, seli zake hugeuka zikafanana na za utumbo, na kwenye kamera zinaonekana ndimi nyekundu, kama mahameli, zikipanda kutoka mlango wa tumbo. Hali hiyo huitwa umio wa Barrett, kwa jina la daktari mpasuaji wa Uingereza aliyeandika kuihusu mwaka 1950.

Mbona nimekatwa vinyama vingi hivyo? Nimeingiwa na hofu.

Pole sana. Wingi huo hauna maana kwamba daktari ameona jambo baya. Amefanya kazi yake vizuri. Seli zinazoanza kuharibika kuelekea saratani hujificha kwenye kipande kidogo mno, na macho peke yake hayawezi kuzitambua. Utaratibu unaokubalika ni vinyama 4 kuuzunguka umio, kila baada ya sentimita 2 za sehemu iliyobadilika, na vingine popote penye kidonda au kiuvimbe. Kila kimoja hakizidi kichwa cha kiberiti.

Majibu yameandikwa "disiplasia ya kiwango cha chini". Ndiyo saratani?

Siyo. Seli zimeanza kupoteza mpangilio wake, lakini hazijavamia tishu za chini. Hata hivyo, omba slaidi, yaani vioo vyenye vinyama vyako, zisomwe na mtaalamu wa pili wa patholojia (anayechunguza seli kwa hadubini), aliyezoea magonjwa ya njia ya chakula. Nasisitiza hili kwa sababu umio uliovimba kwa tindikali humchanganya hata msomaji hodari. Mara nyingi mgonjwa hupewa kwanza dawa za kupunguza tindikali kwa wiki kadhaa, kisha kamera inarudiwa. Ikithibitika, sehemu hiyo inaweza kuunguzwa kwa joto kupitia kamera, au ikafuatiliwa kwa karibu.

Kiungulia kimeisha chenyewe. Niahirishe kipimo?

Usiahirishe, tafadhali. Utando uliogeuka huvumilia tindikali kuliko ule wa mwanzo, kwa hiyo maumivu yanaweza kutulia huku tatizo likiwa palepale. Na kama chakula kimeanza kukwama kifuani, usingoje tarehe uliyopangiwa. Nenda wiki hii hii.