Uliza Fundi: Pembe ya baruti inapopasuka mdomoni

SWALI: Kikundi chetu cha ngoma kinatengeneza pembe za baruti za mtindo wa zamani, zile walizobeba wenye magobore kuwekea baruti, ili wachezaji wazivae kiunoni. Tumetengeneza tatu kwa pembe za ng'ombe na kitako (kizibo cha mdomo mpana) cha mti wa mwembe. Mbili zimepasuka mdomoni, ya tatu kitako kinacheza. Tumekosea wapi?
Msomaji, Kisesa, Mwanza

JIBU: Tatizo lenu ni kitako. Mwembe mbichi una maji mengi. Ukikauka husinyaa, ndiyo maana kitako kinacheza. Mbili zilizopasuka, bila shaka mlipigilia kitako cha duara kwenye mdomo wenye umbo la yai. Pembe ya ng'ombe haiwi duara yenyewe, lazima uilazimishe, na hiyo ndiyo hatua ambayo wengi huiruka.

Kata mdomo kwa msumeno wa meno madogo hadi ufike mahali ukuta una unene wa milimita 3 au zaidi. Chonga mche wa mbao wenye umbo la pia, mviringo safi, uupake mafuta. Chovya sentimita 8 za mdomo kwenye maji yanayochemka kwa dakika 10 hadi 15. Pembe italainika, itoe, sukumia mche ndani kwa mkono huku ukiuzungusha, kisha uache humo hadi kesho yake. Ukiutoa pembe ikiwa bado ya moto, mdomo hurudia umbo la yai. Usitumie moto wa jiko moja kwa moja: pembe huungua na kuachana matabaka.

Sasa kitako. Tafuta mninga mkavu; mafundi samani huwa na vipande vya mabaki, na mninga ukishakauka hausinyai wala kuvimba ovyo. Unene wa sentimita 2 unatosha, upande wa ndani uwe mwembamba kidogo. Kiingie kwa kusukumwa na kiganja. Kikihitaji nyundo, bado ni kikubwa, kipunguze kwa tupa. Paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa kuzunguka ukingo, sukumia, kisha toboa matundu 6 au 8 ya milimita 2 yanayopita pembe na kuingia kwenye mbao, upigilie vijiti vya mwanzi mkavu. Msipigilie chochote bila kutoboa kwanza. Msumari wa chuma msiutumie kabisa: unashika kutu, na karibu na baruti chuma kinaweza kutoa cheche.

Kwenye ncha, ingiza waya ndani hadi ugote, pima urefu huo kwa nje na uweke alama. Kuanzia hapo pembe ni nzima, haina uwazi. Acha sentimita 4 za sehemu hiyo, kata zilizobaki, toboa kwa milimita 3 halafu 6. Kekee huenda moja kwa moja lakini pembe imepinda, hivyo ncha ikiachwa ndefu tundu hutokea ubavuni. Vuta kekee nje mara kwa mara kutoa unga. Ukisikia harufu ya nywele zinazoungua, punguza kasi.

Kupara nje, kipande cha kioo kilichovunjika kinashinda kisu. Inua pembe juani kila mara: mwanga ukipenya sana mahali pamoja, hapo acha. Kisha msasa namba 120, 240 na 400, na mwisho jivu lililochekechwa na mafuta kwenye kitambaa. Funikeni pua na mdomo, vumbi la pembe si zuri kwa mapafu.

SWALI: Naweza kutumia pembe niliyookota malishoni? Na mfupa wa ndani unatokaje?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Usiiguse. Ng'ombe aliyekufa malishoni huenda alikufa kwa kimeta, na vimelea vyake hukaa miaka mingi kwenye ngozi na pembe. Pia kuna viwavi wa nondo wanaotafuna pembe zilizolala nje. Ukiona vijibomba vya udongo vimeota juu yake, ndani imeshaliwa. Nunua machinjioni, kwa mnyama aliyekaguliwa. Za zebu, ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye nundu, ni fupi. Ukitaka ndefu, ulizia za Ankole kutoka upande wa Kagera.

Mfupa: loweka kwenye ndoo wiki 2 hadi 3, mbali na nyumba kwa sababu ya harufu, kisha gonga pembe kwenye gogo hadi uchomoke. Wenye haraka huchemsha nusu saa na kuvuta kwa koleo. Ukizidisha saa moja, pembe huanza kumenyuka.

SWALI: Tukiweka baruti ya kweli?
Msomaji, Ilemela

JIBU: Hapana. Baruti na gobore vinahitaji kibali. Kwa ngoma iacheni tupu, au wekeni chumvi kavu.