Barua kwa mwanangu: O na S za Moshi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Moshi. Huku hatujambo. Mama yako goti linamsumbua kwa baridi hii, lakini bado anapanda daladala mwenyewe kwenda Kiborloni na hataki kusindikizwa. Zamani barua ingeendelea na "hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu". Mimi sina hofu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu na nimecheka tu.

Unasema huu ni mwezi wa tatu tangu uanze kujifunza kuchora huko Dodoma, kila jioni ukitoka kazini, na bado ni mistari, maduara na visanduku. Hujachora hata uso wa mtu mmoja. Ukaniuliza: "Baba, wewe ulivumiliaje?"

Sikuvumilia. Hilo sijawahi kukuambia.

Mwaka 1981, nikiwa na miaka 19, nilipelekwa kwa fundi wa mabango mwenye kibanda karibu na stendi. Nilidhani wiki ya kwanza tu nitashika brashi. Akanipa chaki na kipande cha bati kilichopakwa rangi nyeusi, akasema, "Andika MOSHI." Nikaandika. Akafuta kwa kitambaa. "Andika MOSHI." Tukaenda hivyo mpaka nikaanza kuuchukia mji wenyewe. Na jina hili, usilione hivi, limebeba herufi mbili zinazowatesa mafundi, O na S, tena zimekaa jirani. M, H na I ni mistari, rula inakuokoa. O haina pa kujishikiza.

Wiki ya tano nikatoroka. Nikapanda nyumbani Kibosho, nikamwambia bibi yako kwamba fundi anaumwa. Ulikuwa msimu wa kahawa, akanipa kikapu bila kuuliza zaidi. Unajua buni haziivi pamoja: mti uleule unaurudia tena na tena, unachuma nyekundu, za kijani unaziacha. Nilizunguka kihamba kile, shamba letu la nyumbani, siku nane bila kulalamika hata mara moja, wakati kwa fundi nilikuwa nanung'unika kabla hata ya chai. Jambo hilo lilinisumbua kuliko ule uongo. Kazi zote mbili ni za kurudia, sasa iweje hii inachosha na ile haichoshi? Nikaona kwamba kwenye mti jicho lilikuwa na kitu cha kutafuta. Kwenye bati nilikuwa nahesabu tu: O ya arobaini, O ya hamsini, tutaacha saa ngapi.

Nikarudi. Yule mgonjwa nilimkuta mzima, akanirushia chaki. Safari hii sikuhesabu. Nilianza kutafuta O yangu inavunjikia wapi. Kumbe zote zilikuwa zinavunjikia mahali pamoja, kushoto chini, pale mkono unapoacha kushuka na kuanza kupanda. Nilikuwa nazungusha kifundo cha mkono peke yake, na kifundo kikifika mwisho wake kinagoma. Nikajaribu kuzungusha kutoka begani, kidole cha mwisho kikiteleza juu ya bati. Ikavunjikia kwingine! Sijui kama utanielewa, lakini nilifurahi siku nzima.

Na hapo ndipo fundi alipoanza kunifundisha, kwa sababu sasa nilikuwa na maswali. Alinionyesha kwamba O ikitoshana na H kwa rula, macho huiona ndogo, kwa hiyo lazima itokeze kidogo juu na chini ya mistari. S nayo, tumbo la juu ni dogo kuliko la chini. Ukibisha, geuza bango juu chini uone ilivyolemewa kichwa. Mpaka leo kazi ikinitatiza naigeuza hivyo. Jina halisomeki tena, na kilichopinda kinajitokeza chenyewe.

Sasa picha za kurasa zako. Mistari yako ina manyoya: unakwenda kidogo, unasita, unarudi juu yake. Weka nukta mbili. Pitisha mkono hewani mara mbili tatu bila kugusa karatasi, macho yakiwa kwenye nukta unayoiendea na si kwenye ncha ya penseli, kisha nenda mara moja. Ukikosa, uache ulivyo, chora mwingine pembeni. Ukiusahihisha palepale hutaona kesho ulikosea wapi.

Midomo ya vikombe vyako imechongoka pembeni kama mtumbwi. Duara likilala halipati kona, hata likibanwa vipi. Tena vitako vya vikombe umevichora bapa, kwa kuwa unajua kikombe kinakaa mezani sawasawa. Hapo ulichora unachokijua. Weka sufuria mezani, simama, halafu inama polepole: mdomo wake unajifunga mpaka, ukifika usawa wa macho, unakuwa mstari mtupu. Ukirudi kusimama, utaona mzingo wa kitako umejaa kuliko wa mdomo. Visanduku sina mengi, bango halina kina na mimi sikusomea hayo, ila chukua rula urefushe kingo zinazokwenda mbali. Zinatakiwa ziendelee kukaribiana. Zako zinaachana kama watu waliogombana.

Na zile kurasa tatu za Jumamosi, kuanzia katikati ya ukurasa wa pili ulikuwa umelala. Nusu ukurasa ungetosha.

Miaka michache baadaye, nikiwa bado kwa fundi, alikuja Mjapani mmoja wa mradi wa mpunga wa Lower Moshi kuandikisha kibao. Akatusimulia habari za mchoraji wa kwao, Hokusai, aliyeuchora mlima wao wa Fuji tena na tena akiwa ameshapita miaka sabini, na mwaka 1834 akaandika kwamba yote aliyoyachora kabla ya umri huo si kitu. Mimi nikaingilia kwamba Fuji ni mita 3,776 na Kibo ni 5,895, ujinga wa kijana. Fundi yeye alinigeukia akasema, "Umesikia? Bado una miaka hamsini. Andika MOSHI."

Kuna lingine. Ulipokuwa darasa la tatu ulikuwa unararua daftari ukikosea, na mimi nikikugombeza kwamba huna subira. Nilirudia neno hilo mpaka shangazi zako wakalichukua. Nilikuambia utulie, sikukuambia utazame nini, na nilikuwa nalijua tangu kihamba cha Kibosho. Nisamehe kwa hilo.

Mama yako anakutumia ndizi mshare kwa basi la Ijumaa. Boksi limebonyea upande mmoja na kamba ameifunga yeye, kwa hiyo hakuna kona iliyo sawa. Kabla hujalifungua lichore, kubonyea kwake kukiwemo, halafu unitumie picha. Usichague iliyo nzuri.

Baba yako