Siku Walipopiga Kelele za Mwizi Mwaloni

Ilikuwa alfajiri pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, boti za visiwani zikishusha magunia ya dagaa. Nikasikia, "Mwizi! Mwizi!" Kugeuka, kijana mdogo, kama miaka kumi na sita, ameshazungukwa, na ndoo aliyonaswa nayo ilikuwa ya kwangu.

Dada zangu wa kanisani huniuliza Mkristo afanye nini mahali kama pale. Mimi sikuhubiri. Mtu aliyekwisha kushika jiwe hasikii Mathayo 5. Nilipenya, nikamshika yule kijana mkono, nikaketi naye chini palepale kwenye magamba ya samaki, nikapaza sauti: "Ndoo ni yangu! Kesi ni yangu!" Wengi walipoa kidogo, maana walikuwa wanampigania mwenye mali, na mwenye mali kakaa chini na mwizi. Kisha nikaanza kuita majina. Baba Neema, lete maji. Mama Kulwa, niitie mwenyekiti. Mtu akisikia jina lake hutoka kwenye kundi, anarudi kuwa jirani. Kijana alikuwa ameshapigwa, sitaficha, lakini kituoni alifika akitembea.

Ukikuta matairi yameshaletwa na uko peke yako, usijitupe katikati. Sogea pembeni upige 112, na upige upesi.

Nguvu ile haikunijia asubuhi ile. Bibi yangu alilelewa Shirati, mkoani Mara, ambako wamisionari Wamennonite, Wakristo wanaokataa kulipa kisasi na kushika silaha, walifika mwaka 1934, na hadithi aliyoipenda ilikuwa ya Dirk Willems wa Uholanzi. Mwaka 1569 alitoroka kifungoni, alikofungwa kwa ajili ya imani yake, akavuka maji yaliyoganda barafu. Sisi watoto wa ziwani tulimsumbua bibi sana: maji yanagandaje hadi mtu apite juu yake? Aliyemfukuza akatumbukia. Dirk akarudi, akamvuta. Akakamatwa, akachomwa moto. Bibi aliishia hapo. Hakutuongezea kwamba mtesaji alitubu au kwamba Dirk alilipwa wema wake, nami namshukuru, kwa sababu sikukua nikidhani amani ni biashara yenye faida.

Neno moja kwa mwanamke anayepigwa nyumbani: sikuambii ugeuze shavu la pili urudi jikoni. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi. Kumficha anayekuumiza si upatanisho, na mchungaji anayekushauri unyamaze amekosea.

Kwangu mimi, palipo pagumu si kwenye kelele za mwizi. Ni kwenye kimya. Miezi mitatu sikusalimiana na mama tunayepakana naye sokoni, kwa sababu turubai lake, kwa macho yangu, lilikuwa limeingia kwangu. Sikumtukana wala sikumgusa. Nilisimulia tu kwa kila mteja aliyesimama. Jumapili naimba, Jumatatu nampa mgongo. Ilhali Yesu ameeleza wazi, Mathayo 18:15: ndugu yako akikukosa, nenda ukaseme naye, "wewe na yeye peke yenu". Mimi nilikuwa nimeanza na soko zima, yeye nikamwacha wa mwisho.

Basi ukitaka kwenda, nenda mapema, kabla wateja hawajajaa. Usibebe shahidi. Usimtumie ujumbe wa simu. Ujumbe hauna uso. Salamu iwe salamu kamili, uulize watoto, uulize mgonjwa kama yupo, ndipo useme lililokuumiza kwa maneno machache, kisha unyamaze umsikilize hata kama linawaka moyoni.

Nilikwenda hivyo, siku ya Jumanne. Alinisikiliza, akainuka, akachukua kamba ya kufungia magunia, akaniambia nishike upande mmoja. Tukapima kutoka ukutani, kwake na kwangu. Turubai lililokuwa limesogea, hatua mbili nzima, lilikuwa langu.