Furu wangu amejibanza nyuma ya pampu

SWALI: Shikamoo Babu. Juzi nilinunua furu watatu, hawa samaki wadogo wa ziwani, nikawamimina moja kwa moja kwenye tanki jipya lenye maji ya bomba. Mmoja amepauka, mapezi kayakunja, chakula hagusi. Atakufa? – Msomaji, Nyakato

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Huyo kashtuka. Zima taa, tandika khanga upande mmoja wa kioo, wakataze watoto kukigonga. Leo usimlishe, makombo yaliyozama yatoe. Klorini ya bomba huunguza matamvua, kwa hiyo kinga maji kwenye ndoo wazi siku nzima, kisha badilisha robo ya tanki. Tanki jipya huchafuka upesi, rudia kila baada ya siku mbili.

Halafu mpe mawe! Furu wengi wa miamba yetu hii ya Mwanza huishi nyufani. Kwenye kioo kitupu anajiona yuko uwanjani Kirumba. Usiyasugue kwa sabuni. Mimi niliyasugua kwa ya unga, nikazika wanne.

Siku nyingine ukinunua samaki, acha mfuko wake uelee tankini dakika 15 hadi 20, ongeza humo maji ya tanki kikombe kimoja kimoja, ndipo umtoe kwa kiwavu. Maji ya dukani yamwage nje.