Usiku mmoja hekaluni Koyasan

Mwanangu mpenzi,

Umeuliza kama mgeni anayelala hekaluni kule Koyasan, mlima wa mahekalu ya Kibuddha nchini Japani, analazimika kusali na watawa. Halazimiki. Kinachowaponza wageni ni saa.

Chakula cha jioni hupakuliwa saa 11:30 au 12 jioni (kwenye ratiba yao utaona 17:30 au 18:00), na wanaokipika ndio hao hao watakaoamka alfajiri kwa ibada. Fika kabla ya saa 11. Kutoka stesheni iitwayo Namba, mjini Osaka, panda treni ya kampuni ya Nankai hadi stesheni ya Gokurakubashi, kisha kiberenge cha kamba kinachopanda mlima kwa dakika 5, kisha basi. Usijaribu kutembea kutoka stesheni ya juu. Barabara ile ni ya mabasi, wenda kwa miguu hawaruhusiwi.

Chakula hakina nyama, samaki wala yai, hata kitunguu saumu hakimo. Mchuzi hupata ladha kwa mwani na uyoga mkavu. Ile tofu laini ajabu si ya soya: ni ufuta uliosagwa ukasongwa na wanga wa mzizi wa mmea uitwao kuzu. Lakini mvinyo wa mchele huweza kutiwa kwenye mapishi. Kama hutaki, sema siku unapoweka nafasi. Ukisema mezani umechelewa, sufuria zimeshaepuliwa.

Kandambili za ukumbini zivue kabla ya kukanyaga mkeka wa chumbani. Za chooni zibaki chooni. Bafu ni la pamoja, wanaume kwao na wanawake kwao: keti kigodani, jisugue, suuza povu lote, ndipo uingie kwenye maji ya moto, maana maji hayo hayo yatatumiwa na wenzio. Vazi la kulalia lifunge upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Kinyume chake huvishwa maiti.

Ibada huanza saa 12 au 12:30 asubuhi. Ukitaka kuhudhuria, keti nyuma. Miguu ikifa ganzi, kunja mkao mwingine bila haya. Wakifukiza ubani, mfuate aliyekutangulia, na usipotaka kufukiza, inamisha kichwa tu.

Fungasha soksi nene, mwanangu. Pale ni mita 800 hivi juu ya bahari, sakafu ni za mbao, kuta nyingine ni za karatasi, na baridi ya Januari hushuka chini ya sifuri. Chukua pia fedha taslimu.

Mama yako